Modemu ya kuigiza na barua pepe zilizosafiri usiku

Najua nimekuwa kimya mno, na wapo walionipigia kuuliza kama nimedisco. Sijadisco, jamani! Mitihani imekwisha salama, chuo kimefungwa, na mimi niko zangu nyumbani Tanga, mitaa ya Makorora, nakula samaki na kupunga upepo wa bahari. Si mnajua tena, Tanga hii waja leo waondoka leo, ila mimi ni mwenyeji kwa hiyo naondoka chuo kikifunguliwa.

Sasa likizo hii nimeshughulika na kitu ambacho nyumbani wote wamekiona kichekesho. Nimeifanya laptopu yangu ijigeuze kompyuta ya mwaka 1982, halafu nikaipa modemu ya kuigiza ili iweze kupiga simu kwa kompyuta nyingine. Leo basi hakuna habari za hosteli wala za boom kuchelewa. Nataka kuwaeleza historia niliyoikuta ndani ya mchezo huo, maana inatugusa sana sisi tunaosomea ualimu. Kwa kifupi ni kwamba mtandao wa kompyuta uliofika kwanza Afrika Mashariki ulikuwa wa watu wenye simu mbovu na hela za mawazo, na ulifanya kazi. Kwa urefu, kaeni vizuri.

Tuanze na hiyo kompyuta. Inaitwa Commodore 64, ilitoka Marekani mwaka 1982. Kumbukumbu yake ni kilobaiti 64, yaani picha moja tu uliyopiga kwa simu yako asubuhi ya leo haiingii humo hata robo. Prosesa yake ilikwenda kwa takriban megahezi 1. Kwa umbo ni kibodi nene tu, haina kioo chake, unaichomeka kwenye televisheni ya sebuleni. Ukiiwasha unapata rangi ya buluu na ujumbe unaokwambia una baiti 38911 za kuandikia programu zako za BASIC. Basi, hapo uhangaike mwenyewe. Ziliuzwa kwa mamilioni, na watoto wengi wa Marekani na Ulaya walijifunza kuandika programu wakiwa wamekaa chini mbele ya televisheni ya baba.

Mimi sina Commodore na sijawahi kuigusa. Nilicho nacho ni emuleta, yaani programu inayoigiza mashine nyingine kipande kwa kipande, mpaka programu za zamani zinadanganyika na kudhani ziko kwenye mashine yao. Ninayotumia inaitwa VICE, ilianza kutengenezwa mwaka 1993 na ni ya bure. Unaipakua mara moja, baada ya hapo haihitaji bando.

Swali la mtu wa historia likanijia hapo hapo. Mwaka 1982, wakati wenzetu wanachomeka hizo kibodi kwenye televisheni, mtoto wa Makorora alikuwa na nini?

Jibu lake linaanzia mbali kidogo. Kompyuta ya kwanza Tanzania iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, aina ya ICT 1500, kutoka Uingereza. Mwaka 1968 ikaja kubwa zaidi, ICL 1900. Serikali ilitaka mashine hizo ziendeshe hesabu zake. Mambo yakaenda mrama. Wataalamu wazalendo walikuwa wachache, mfumo wa hesabu ukakorogeka, na fedha nyingi za kigeni zikateketea. Mwaka 1974 serikali ikaamua kumaliza ubishi: ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na televisheni zikawekwa kwenye marufuku hiyo hiyo.

Hebu rudieni kusoma hapo. Kompyuta ya nyumbani ni kibodi pamoja na televisheni. Sisi vyote viwili vilifungiwa mlango kwa pigo moja, miaka minane kabla Commodore 64 haijazaliwa! Zanzibar walikuwa na televisheni yao ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Huku bara tulisubiri mpaka mwaka 1994 ndipo vituo vya televisheni vikaanza. Kwa hiyo ukisimama ufukweni Tanga ukatazama baharini upande wa Pemba, ulikuwa unatazama sehemu ya nchi yako yenye televisheni huku wewe huna.

Wapo wanaoucheka uamuzi ule. Mimi siucheki. Bei ya mafuta ilipanda ghafla mwaka 1973, ukame ukaja, nchi ikalazimika kununua chakula nje, na kila dola ilikuwa na kazi yake. Serikali iliyounguzwa na mashine moja kubwa haikuwa na sababu ya kuzipenda zilizobaki. Lakini gharama yake ipo pia, tuiseme. Marufuku ililegezwa kidogo kidogo miaka ya 1980, kwa vibali, na kompyuta zilizoingia zilikwenda maofisini na vyuoni. Ile hatua ya mtoto kuharibu na kutengeneza sebuleni sisi tuliiruka. Wazazi wetu wengi kompyuta waliiona kwanza kazini au intaneti kafe, ikiwa tayari na mwenyewe, na wewe unalipia dakika.

Haya, sasa turudi kwenye modemu, maana ndiyo kiini cha habari.

Modemu ni kifaa kinachogeuza data kuwa sauti ili ipite kwenye waya wa simu ya kawaida, na upande wa pili kinaigeuza sauti irudi kuwa data. Nyumbani hatuna simu ya waya, na hata tungekuwa nayo laptopu za leo hazina tundu lake. Kwa hiyo unatafuta programu ya kuigiza modemu. Iliyozoeleka na watu wa Commodore inaitwa tcpser, ya Jim Brain. Nawapa hatua nilizofuata, atakaye ajaribu:

Kwanza, unaiwasha tcpser kwa mstari mmoja: tcpser -v 25232 -s 2400 -p 6400. Namba ya kwanza ni mlango ambao emuleta itagonga. Ya pili ni mwendo, biti 2400 kwa sekunde. Ya tatu ni mlango ambao wageni watapigia simu kutoka nje.

Pili, ndani ya VICE unakwenda kwenye mipangilio ya RS232, unawasha RS232 ya mlango wa nyuma wa Commodore, unaielekeza kwenye 127.0.0.1:25232, mwendo 2400, na unaweka alama kwenye kisanduku cha IP232. Hiyo 127.0.0.1 ni anwani ambayo kila kompyuta hujiita yenyewe. Maana yake emuleta na modemu ya kuigiza zinaongea humo humo ndani ya laptopu moja.

Tatu, unapakia programu ya mawasiliano ya enzi zile. Mimi nimetumia CCGMS, unachagua humo pia mwendo wa 2400. Mwendo ukitofautiana kati ya sehemu hizi tatu unapata vikorokoro kwenye kioo kama vile kuku kapita juu ya kibodi.

Nne, unaandika AT na kubonyeza Return. Ikijibu OK, hongera, una modemu.

Angalizo kwa wanaopenda kujaribu kila kitu: huo mlango 6400 uache kwenye mtandao wa ndani kwenu tu, usiufungulie dunia nzima.

Zile herufi AT zina historia yake. Mwaka 1981 kampuni ya Hayes ya Marekani ilitoa modemu iliyoitwa Smartmodem, ambayo badala ya mtu kupiga namba kwa mkono, kompyuta yenyewe iliiamuru kwa maandishi. AT ni kama kumwambia mtu "sikiliza". ATDT ikifuatiwa na namba ni "piga namba hii". ATA ni "pokea". ATH ni "kata". Makampuni mengine yakaiga, na lugha hiyo ikawa ya wote. Sasa wale mliowahi kutumia vimodemu vya USB vya mitandao ya simu, mnakumbuka namba ya kuunganisha ilikuwa *99#? Ndani yake kompyuta ilikuwa inaandika ATD*99#. Amri ya mwaka 1981 hiyo, ilikuwa inafanya kazi hosteli kwetu na hakuna aliyejua.

Tano, unapiga. Badala ya namba ya simu unaandika anwani ya kompyuta nyingine, tcpser inapokea ile ATDT na kuunganisha kwa mtandao wa kisasa. Commodore inadhani imepiga simu. Kule upande wa pili yanatokea maandishi RING. Wakipokea, kwako inaandikwa CONNECT, na kuanzia hapo unachoandika wewe wanakiona wao.

Na hapo ndipo unaona mwendo wenyewe. Herufi moja kwenye waya ule inakula biti 10, nane za herufi, moja ya kuanzia na moja ya kumalizia. Kwa hiyo biti 2400 kwa sekunde ni herufi 240. Ukurasa mmoja wa herufi 2000 unachukua sekunde 8 hivi. Modemu za bei nafuu za mwanzo wa miaka ya 1980 zilikwenda biti 300, yaani herufi 30 kwa sekunde, na ukurasa ule ule ukachukua zaidi ya dakika nzima. Picha ya simu ya megabaiti 3 kwa mwendo wa 2400 ingekula karibu saa tatu na nusu, kama laini haijakatika. Maandishi yanatiririka kioni mstari kwa mstari na unayasoma yakiwa yanafika.

Watu waliokuwa na mwendo huo walifanya nini nao? Februari 1978, Ward Christensen na Randy Suess wa Chicago walifungua ubao wa matangazo wa kompyuta, ambao mtu aliupigia simu, akasoma ujumbe ulioachwa, akaacha wake, akakata ili mwingine apige. Mbao za namna hiyo zikaenea, kila moja kisiwa peke yake. Mwaka 1984 Tom Jennings wa San Francisco akatengeneza namna ya mbao hizo kupigiana zenyewe usiku, wakati simu ni rahisi, na kubadilishana barua. Akaiita FidoNet. Barua yako haikwenda moja kwa moja kwa mwenyewe. Ilikaa kwenye kompyuta ya jirani mpaka saa ya kupigiana simu, ikabebwa hatua moja, ikakaa tena, ikabebwa. Dunia ikagawanywa kanda, na Afrika ikapewa namba 5.

Wadau, mkisikia hivyo hamkumbuki kitu? Mimi nimekumbuka barua ya kumpa kondakta wa basi. Unampa Tanga, anaishusha Segera, mwingine anaichukua kwenda Moshi. Haijali kama aliyeandikiwa yuko macho saa hiyo.

FidoNet ilitengenezwa kwa ajili ya watu wa kujifurahisha majumbani. Lakini ndiyo iliyofaa Afrika Mashariki kuliko mitandao mikubwa ya vyuo vya Ulaya na Marekani, ambayo ilitaka laini ya kudumu, wazi saa 24. Sisi laini ya kudumu tungeitoa wapi? FidoNet ilitaka kompyuta moja ndogo ya mezani, modemu moja, na simu inayoshika kwa dakika kadhaa. Na nodi nyingi zilitumia Zmodem, itifaki ya mwaka 1986 ambayo ikikatika katikati inaendelea pale ilipoishia. Kwa simu za wakati ule, hicho ndicho kilichokuwa cha kwanza kuulizwa.

Kwa hiyo kuanzia mwisho wa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990 mambo yakaanza. Nairobi kulikuwa na NGONET, iliyoendeshwa chini ya shirika la mazingira la ELCI. Ukaja mradi wa ESANET, uliofadhiliwa na shirika la utafiti la Kanada, IDRC, wa kuweka kompyuta ndogo za barua pepe katika vyuo vikuu vya Nairobi, Makerere, Dar es Salaam, Zambia na Zimbabwe. Ndiyo, Mlimani tulikuwemo! Kampala, Charles Musisi aliendesha nodi ya Makerere iliyojulikana kama MUKLA. Na lango la kutokea kwenda duniani lilikuwa London, kwenye shirika la GreenNet, ambako Karen Banks aliendesha lango la FidoNet lililohudumia nodi za Afrika. Mwaka 2013 aliingizwa kwenye orodha ya heshima ya watu wa intaneti kwa kazi hiyo.

Madaktari nao walikuwa na wao. Shirika la SatelLife la Boston, lililoanzishwa na daktari wa moyo Bernard Lown, lilianzisha HealthNet. Setilaiti yao ilikuwa ndogo na iliruka karibu na dunia, kwa hiyo ilipita juu ya kituo mara chache tu kwa siku. Ikipita, kituo kinairushia barua, inazibeba, ikifika juu ya kituo kingine inazishusha. HealthSat-2 ilirushwa mwaka 1993. Huku ardhini HealthNet ilitumia FidoNet hiyo hiyo kwa simu za kawaida, na Tanzania kituo kilikuwa Muhimbili. Fikirini: daktari anayetaka makala ya kitabibu anaandika swali leo, analala, anapata jibu kesho au kesho kutwa. Kwake yeye aliyezoea jarida linalofika na meli baada ya miezi, hiyo ilikuwa kasi ya ajabu.

Wakati wao haukuwa mrefu. Kikoa cha .tz kiliandikishwa mwaka 1995, na katikati ya miaka ile ya 1990 intaneti kamili ikafika Kenya, Uganda na Tanzania, kwa setilaiti na kwa bei ya kuumiza. Julai 2009 kebo ya SEACOM ikaanza kazi Dar es Salaam na Mombasa, na mambo ya bando tunayoyajua yakafuata. Nodi zile za FidoNet zikazimwa moja moja. Kompyuta zikauzwa au zikawekwa stoo, diski zikaoza. Mtu ambaye leo anataka kuandika historia ya barua pepe za kwanza Tanzania atapata ripoti za wafadhili nyingi kuliko barua zenyewe.

Sasa kwa nini nawasumbua na hayo yote? Kwa sababu ya BTP.

Mwaka jana shule niliyopangiwa mazoezi ya kufundisha ilikuwa na chumba cha kompyuta. Kompyuta zipo, zimefunikwa vitambaa vizuri, umeme upo. Intaneti hakuna. Mada ya mitandao ilipofika ikafundishwa kama desa: andika maana ya mtandao, chora kompyuta tatu na mistari katikati, taja faida tano na hasara tano. Wanafunzi walijibu vizuri sana, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuona kompyuta mbili zikiongea mbele yake. Mwalimu mwenyeji, mtu mwema kabisa, aliniambia, "Mwalimu, bila intaneti utafundishaje mtandao? Tusubiri ije." Nilinyamaza kwa heshima, lakini neno hilo limenikaa.

Wale wa miaka ya 1990 wangesubiri, Muhimbili isingepata barua. Walichukua kitu kilichobuniwa kwa michezo ya majumbani wakakibebesha kazi.

Nikaamua nijaribu hapa hapa nyumbani. Kuna mtoto wa mjomba yuko kidato cha pili, na kuna laptopu ya zamani ya kaka inayokaa chini ya kitanda. Nikaziunganisha kwa waya mmoja wa mtandao, bila bando hata la shilingi mia. Kila moja ikawekwa VICE na tcpser. Tcpser ina kipengele cha kuipa anwani namba ya simu ya kubuni, nikaiandikia -n1961= na anwani ya laptopu ya pili, kwa hiyo dogo alipiga ATDT1961. Laptopu moja tukaibandika karatasi "Tanga", nyingine "London".

Bibi akapita na ungo wake akatukuta tumeinama.

"Mnampigia nani?"

"London, bibi."

"London yuko chumbani kwangu?"

Kweli, laptopu ya London ilikuwa kitandani kwake. Dogo alicheka mpaka RING ikampita!

Baada ya kuandikiana salamu, tukatuma faili kwa Xmodem, itifaki nyingine ya Ward Christensen, ya mwaka 1977. Hiyo inakata faili vipande vya baiti 128, na kila kipande kinakwenda na jumla yake ya kuhakiki. Anayepokea anajumlisha mwenyewe. Jumla zikilingana anasema nimepata, lete kingine. Zisipolingana anasema rudia. Dogo aliielewa haraka kuliko nilivyotarajia, akasema, "Dada, kumbe ni kama kuhesabu chenji kabla hujatoka dukani." Andikeni hiyo kwenye andalio la somo, mie sijaisoma kwenye kitabu chochote.

Lakini kuna kitu emuleta haikiigizi, nacho ndicho kilichoamua historia yote hii. Emuleta haileti bili ya simu. Waya wangu ni wa bure, dogo anaweza kukaa hewani saa nzima akiandika "mambo" na "poa". Nodi ya Dar es Salaam ya miaka ile ilipopiga simu ya kimataifa, kila sekunde ilikuwa fedha. Ndiyo maana barua ziliandikwa kwanza bila simu, zikakusanywa, zikabanwa ziwe ndogo, zikatumwa zote kwa pigo moja, simu ikakatwa. Ukiondoa bili, mwanafunzi hataelewa kwa nini wale watu hawakukaa tu hewani wakaandikiana.

Kwa hiyo tukaleta bili. Bibi ana bao na kete zake. Kila upande ukapewa kete 20, na kila sekunde 10 za simu ukatoa kete moja. Raundi ya kwanza dogo aliandika akiwa hewani, akawaza, akafuta, kete zikaisha barua haijafika nusu. Raundi ya pili akaomba karatasi mwenyewe. Akaandika barua zote tatu pembeni, akaziingiza kwenye faili moja, akapiga, akatuma, akakata. Kete zikabaki. Sikumfundisha mimi, zile kete ndizo zilizomfundisha, na hapo alikuwa ameigundua FidoNet upya sakafuni kwa bibi.

Mshikaji mmoja wa hosteli nilipomsimulia kwa simu alinicheka. Akasema watoto wa leo wanataka akili bandia, wewe unawapelekea kompyuta ya kabla hujazaliwa. Hoja yake ina uzito na siipuuzi. Mwanafunzi hataajiriwa kwa kujua ATDT. Lakini programu ya kisasa imeficha kila kitu nyuma ya kitufe kimoja, na shuleni hata hicho kitufe hakibonyezeki kwa kukosa intaneti. Commodore ya kuigiza inaonyesha hatua zote wazi: nani kapiga, nani kapokea, kipande gani kimeharibika, nani kasema rudia. Simu iliyoko mfukoni mwake inafanya hayo hayo mara maelfu kwa sekunde. Ukiweza kuyaona polepole mara moja, hutayaona tena kama uchawi.

Pia kuna suala la nani mwenye historia. Vitabu tunavyotumia vinasema mtandao ulianzia Marekani, halafu siku moja "ukafika" kwetu, kama mvua. Havisemi kwamba kuna watu Nairobi, Kampala na Dar es Salaam waliokaa usiku na modemu wakisubiri laini ishike. Wengi wao bado wako hai, wamestaafu, pengine mmoja anaishi mtaani kwenu na hujawahi kumuuliza. Sisi wa historia tumefundishwa kukusanya masimulizi ya wazee kuhusu vita na njaa. Nadhani na hawa ni wazee wetu, na diski zao zinaoza.

Mimi nimeshaandika andalio la vipindi viwili, kompyuta mbili, waya mmoja na kete 40. BTP ijayo nitaomba nafasi nilifundishe, hata kama ni baada ya vipindi vya kawaida. Mwenye laptopu ya zamani chini ya kitanda asiitupe. Na kama babu, mama au mjomba wako aliwahi kufanya kazi Muhimbili, Mlimani au posta na simu miaka ile, kabla hujarudi chuo kaa naye jioni moja umuulize barua pepe yake ya kwanza alimtumia nani, na ilichukua siku ngapi kufika.

Tuonane chuo kikifunguliwa. Kahawa na kashata juu yangu, boom likitoka.